Kila Kitu Kimeondolewa

Nikiandika maneno haya uso wangu bado haujapoa. Jana, baada ya swala ya Alasiri, katika baraza yetu ya Ngamiani mjini Tanga, ambapo wazee wenzangu hukutana kwa kahawa na bao, ilisomwa kwa sauti ya wazi, kwa kituo mahali pa kituo na mkazo mahali pa mkazo, orodha niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe na ambayo nilikwisha kuihesabu miongoni mwa vitu visivyokuwako tena duniani. Na waliosomewa orodha hiyo, ila mmoja aliyekuwa amekwenda kununua tumbaku, ndio wale wale walioandikwa ndani yake.

Orodha yenyewe haikuwa na ubaya uliopita kiasi. Niliitunga wakati wa matayarisho ya harusi ya binti yangu, usiku ule mpishi aliponiletea hesabu ya mchele, mbuzi na samli, nami nikatambua kwamba ama umma wa waalikwa upungue, ama nyumba iuzwe. Kila baba wa bi harusi aliyepata kuiona hesabu ya namna ile anayo orodha ya namna hii, awe ameiandika au ameiweka moyoni. Tofauti yangu na wenzangu ni kwamba mimi ni mtu wa utaratibu, na kila jina nililiandikia sababu yake. Mke wangu aliisoma mara moja, akaikataa yote, na watu wote wakaalikwa, wakala, wakashiba, wakatuombea dua. Kwa hiyo ilikuwa hati isiyopata kumdhuru mtu yeyote mpaka jana.

Msomaji alikuwa kijana wa fundi cherehani, jirani yangu, ambaye baba yake alimnunulia kompyuta yangu mpakato kwa ajili ya masomo ya chuo, akanilipa taslimu bila kukata hata shilingi moja, ingawa alikuwa na haki ya kukata. Ni kijana mwenye adabu ya kutisha. Alivua viatu chini ya baraza, akampa kila mzee shikamoo yake, mmoja baada ya mmoja, akangoja kila marahaba imalizike, kisha akaketi mbele yangu na kuifungua ile kompyuta magotini pake.

"Ami," akasema, "nimekuletea amana yako."

Nikamuuliza amana gani, maana kwake nilikuwa sikuweka kitu. Akaeleza kwamba huko chuoni wanafundishwa elimu ya kufufua mafaili yaliyofutwa, na kwamba katika kufanya mazoezi juu ya kompyuta yake mwenyewe ameyakuta maandishi ambayo bila shaka ni yangu. Na kwa kuwa mali ya mtu hata ikipotea hubaki mali yake, ameona si uungwana kuyafuta kabla ya kunionyesha. Hakuyasoma. Aliyatazama kwa juu tu, apate kujua ni ya nani.

Nikamwuliza, "Yanaitwaje?" Akanijibu kwamba hayana majina, kwa sababu programu ile hufufua maandishi yenyewe lakini majina ya mafaili hayarudi, na mahali pake huwekwa tarakimu. Laiti ningalilifikiri jibu lile! Maana orodha yangu nilikuwa nimeibatiza jina la "Bili za Maji", jina nililolichagua kwa hadhari kubwa, kwa yakini kwamba hakuna mwanadamu atakayefungua faili lenye jina hilo kwa ridhaa yake.

"Yana sura gani?"

"Ni mistari mifupi mifupi, Ami, na kila mstari umekatwa katikati."

Hapo moyo wangu ukaruka kwa furaha, kwa kuwa nilikuwa na qasida ya Maulidi niliyoipoteza, ambayo kwa muda mrefu nimeisifu mbele ya wazee hawa kwa uhuru ambao mtu huwa nao anaposifu shairi lisiloweza kuonekana. Mwenye duka la nyavu, ambaye ndiye aliyekuwa akiidai qasida hiyo kuliko wote, akasukuma kikombe chake kando. "Soma, mwanangu," akasema, "utuburudishe." Wacheza bao wakashika kete zao mikononi. Nami, kwa unyenyekevu wa mtunzi, nikainamisha kichwa.

"Wasialikwe, na Sababu," akasoma kijana.

Yalikuwapo maelekezo fulani katika macho yangu ambayo mtu mzima angaliyafahamu, lakini kijana alikuwa ameinamia kioo. "Mwenye duka la nyavu: huja na watoto ambao si wake." Aliisoma kwa lafudhi safi kabisa. "Bingwa wa bao: hula kwa watu watatu, huchangia kwa dua." Akavuta pumzi. "Shemeji mkubwa: huimba." Na kweli harusini aliimba. Akaendelea hivyo, jina baada ya jina, sababu baada ya sababu, na baraza ikazidi kuwa kimya, hata nikamsikia muuza kahawa akigonganisha vikombe mtaa wa pili, mpaka akafika mstari ambao aliusoma kwa sauti ile ile aliyoisomea mingine: "Fundi cherehani: akija atakumbusha deni la kanzu." Hapo akanyamaza. Akainua uso, akaitazama kanzu niliyoivaa.

Yaliyofuata siyaandiki. Walakini jambo moja sina budi kulidai, nalo ni hili: kabla ya kuiuza kompyuta ile niliirejesha katika hali iliyotoka nayo kiwandani, kwa kufuata amri zote zilizoandikwa, nikachagua chaguo la kuondoa kila kitu badala ya lile la kubakiza mafaili, nikathibitisha, nikaulizwa kama nina hakika, nikasema ninayo, na mwisho wa yote kompyuta ikawaka ikiwa tupu, ikaniuliza mimi ni nani. Mtu ambaye mtumishi wake wa siku nyingi anamwuliza wewe ni nani ana haki ya kuamini kwamba mtumishi huyo amesahau.

Hakusahau kitu. Ndani ya kompyuta za umri wa ile yangu mna diski ngumu, chombo ambacho tangu jana nimesoma habari zake mpaka usiku mkuu, na ambacho, Mungu anisamehe, kimenipendeza hata nikasahau kwa muda kwamba ndicho kilichoniangamiza. Mna sahani nyembamba zilizopakwa utando wa madini yenye sumaku, nazo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 katika kila sekunde. Juu ya uso wa kila sahani huelea kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia, ambacho hakiugusi uso huo, bali hubebwa na upepo unaotokana na mzunguko wenyewe, kwa kimo cha nanomita chache, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kichwa hicho hugeuza mwelekeo wa sumaku katika vijisehemu visivyoonekana kwa jicho, hivi au vile, na katika mageuzi hayo mawili mna kila kitu: picha za harusi, risiti, qasida, na neno "huimba". Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na IBM mwaka 1956, ikiwa na sahani 50, kila moja upana wake inchi 24, uzito wake ukikaribia tani moja, na uwezo wake wote herufi milioni tano. Yaani mtu wa zama zile aliyetaka kuandika orodha ya watu wasioalikwa ilimlazimu kwanza atafute winchi. Yangu ilikuwa ya gigabaiti 500, mara laki moja ya ile, nayo huingia katika mfuko wa kanzu, iwe imelipiwa au haijalipiwa.

Sasa, kuandika juu ya sahani hizo ni kazi, na kazi huchukua wakati. Kufuta kwa hakika kungalikuwa kazi sawa na hiyo, kwa kuwa kufuta kwa hakika ni kuandika kitu kingine juu ya kile kilichokuwapo. Lakini wanadamu hatupendi kungoja, na waliounda mitambo hii wanatujua, kwa hiyo wakabuni tadbiri. Diski ina daftari lake kuu, ambamo kila faili limeandikwa jina, ukubwa, na mahali lilipo. Na mtu anapoamuru faili lifutwe, kinachoguswa ni daftari peke yake: mstari ule hutiwa alama kwamba hautumiki tena, na mahali pale pakahesabiwa kuwa pa wazi. Faili lenyewe halipati hata habari. Ni sawasawa na mjumbe wa nyumba kumi kukata jina la mtu katika daftari la mtaa, ilhali mtu mwenyewe yumo ndani ya nyumba yake, amenyoosha miguu, anakunywa chai. Naye ataendelea kuinywa mpaka siku atakapoletwa mpangaji mwingine katika chumba kile kile. Katika diski kubwa yenye vitu haba, mpangaji huyo huenda asije kabisa. Na kurejesha hali ya kiwandani kwa njia ya haraka ni tendo hilo hilo lililofanywa kwa mtaa mzima: daftari jipya, mlango mpya, rangi mpya, na wapangaji wa kale wote vyumbani mwao.

Basi yule kijana hakulihitaji daftari. Programu za kufufua hupita sahani tangu mwanzo hadi mwisho zikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Na hapa pana jambo ambalo lingalinifurahisha sana kama lingalimpata mtu mwingine. Hati zinazoandikwa siku hizi kwa programu za kuandikia zilizo mashuhuri, batini yake kila moja ni furushi lililofungwa kwa utaratibu wa zip, uliobuniwa mwaka 1989 na Mmarekani aitwaye Phil Katz. Na Katz akaweka mwanzoni mwa kila furushi herufi mbili za jina lake, P na K, ambazo zimebaki hapo hadi leo, ingawa mwenyewe alifariki mwaka 2000. Programu iliona P na K, ikajua hapa pana furushi, ikalifungua. Kwa hiyo siri yangu ilivuliwa kwa herufi za jina la marehemu nisiyepata kumwona wala kumsikia, aliyeishi mbali na Tanga, na ambaye hakumo katika orodha.

Nimepata faraja kidogo katika habari ya wanafunzi wawili wa chuo cha MIT cha Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, ambao kati ya mwaka 2000 na 2002 walinunua diski 158 zilizokwisha kutumika, wakazichungulia, na mwaka 2003 wakachapisha waliyoyaona. Diski zilizokubali kusomeka zilikuwa 129; zilizosafishwa barabara zilikuwa 12. Katika zilizobaki walikuta barua za mapenzi, habari za wagonjwa, na nambari zaidi ya 5,000 za kadi za benki. Na moja ilionekana kuwa imetoka katika mashine ya kutolea pesa katika jimbo la Illinois, ikiwa na hesabu za watu za mwaka mzima. Mabenki, basi! Mimi nilimwaga siri ya kanzu moja tu.

Lakini faraja hiyo nikiitazama sana hugeuka kuwa uchungu. Kwa sababu ikiwa jambo hili lilichapishwa mwaka 2003, basi waliounda programu ya kompyuta yangu walilijua, na hakika walilijua, kwa kuwa dawa yake waliiweka. Imo. Nimeonyeshwa jana na kijana, kwa upole. Mtu akisha kuchagua kuondoa kila kitu, chini yake, kwa herufi ndogo, pana njia ya kuingia katika mipangilio mingine, na humo mna swali kama data isafishwe, na jibu la swali hilo limekwisha kuwekwa tangu mwanzo, nalo ni Hapana. Mtambo ulinijibia. Uliniuliza mara mbili kama nina hakika ya jambo ambalo haukuwa na nia ya kulitenda, na jambo ambalo lingaliniokoa ukalijibu wenyewe, kimya, kwa niaba yangu, kisha ukaniacha niende barazani.

Na hata kama ningaliliona swali lile, je, ningalijibu Ndiyo? Maelezo yanasema kwamba usafishaji huo huenda ukachukua saa kadhaa, na kwamba katika muda huo kompyuta isizimwe. Isizimwe na nani? Mimi siizimi. Betri ya kompyuta ile ilikuwa imekufa zamani, nayo iliishi kwa waya wa ukutani, na waya wa ukutani una bwana wake mwingine, ambaye hukata umeme bila kuuliza asilimia imefikia ngapi. Walioandika onyo lile wamekaa mahali ambapo umeme ni kitu cha kudumu, nao wakadhani kwamba mtu anayezima ni mtu mzembe. Vivyo hivyo wakaweka njia mbili za kuirejesha programu, moja ya kuipakua upya kutoka mbali na moja ya kuijenga kwa vilivyomo ndani, na ile ya kwanza wakaieleza kwa wepesi kwamba huenda ikatumia zaidi ya gigabaiti 4. Kwa mtu anayenunua bando la wiki na kulitumia kwa kuchungulia, hiyo si njia, ni mahari. Hatukukosa akili ya kuvitumia vyombo hivi. Tumeuziwa vyombo vilivyoundwa kwa maisha ya mtu mwingine, tena baada ya mtu huyo kuvichoka, na aibu inapotokea huambiwa ni yetu.

Kuchoka huko si maneno ya kupamba. Kompyuta ile niliinunua kwa mfanyabiashara wa vitu vilivyotumika, naye aliiagiza Ulaya, na siku nilipoirejesha katika asili yake ndipo nilipojua asili hiyo ni wapi: iliamka inazungumza Kijerumani. Majeshi ya Wajerumani yalitoka Tanga mwaka 1916, na hapa walikuwa wamerudi mezani kwangu, wakinitaka nibonyeze "Weiter". Nilibonyeza kwa kubahatisha. Herufi Z na Y zilikuwa zimebadilishana mahali, kwa hiyo nilipoulizwa nchi yangu niliandika, kwa kujiamini kamili, "Tanyania".

Kompyuta ya mkwe wangu, ambayo ni mpya na haina sahani wala kichwa, ilikataa kurejeshwa mpaka itiwe ufunguo wa tarakimu 48, katika mafungu manane ya tarakimu sita sita, na kila fungu hugawanyika kwa 11 bila baki, kwa hila ya kumgundua aliyekosea kuandika. Hila hiyo ni nzuri sana, na ufunguo hatunao.

Simu ya mke wangu ilirejeshwa vizuri, akapoteza picha zote za harusi.

Nilitazamia kwamba baada ya jana mlango wangu hautabishwa. Kumbe tangu Magharibi ulibishwa mara kwa mara, taratibu, na kwa vidole badala ya kiganja. Wa kwanza alikuwa mwenye duka la nyavu. Nikajiandaa kwa maneno makali, naye akaketi, akazungumza habari za mvua, akazungumza habari za bei ya nyuzi, kisha akaniuliza, kwa namna ya mtu anayeuliza kwa ajili ya rafiki, kama haya mambo ya kufufuka hutokea pia katika kompyuta za dukani. Nikamwambia hutokea. Akauliza kama hutokea hata kwa hesabu zilizofutwa zamani, tuseme hesabu ambazo mtu wa kodi hakuonyeshwa. Nikamweleza habari za daftari na wapangaji, akatoka bila kunywa chai. Akaja bingwa wa bao na simu mbili, ilhali mimi nilimjua kwa simu moja. Akaja shemeji, ambaye hakusema alichokuwa nacho, ila alitaka kujua kama sauti zilizorekodiwa nazo hufufuka.

Wote niliwapeleka kwa kijana. Huyu, ambaye asubuhi hii tayari amebandika karatasi dirishani kwa baba yake, kati ya picha za mishono, anatoza bei moja kwa kufufua na bei maradufu kwa kusafisha, kwa hoja kwamba kusafisha huchukua usiku kucha na lazima akodi jenereta. Na hoja hiyo siwezi kuivunja, kwa kuwa ni yangu. Mimi ananisafishia bure, kwa heshima. Baba yake ameniletea salamu na hesabu ya kanzu, zikiwa katika karatasi moja.

Aliyekuja mwisho ni mzee mwenye cheo katika mtaa wetu, ambaye heshima yake hainiruhusu kumtaja hata kwa kazi yake, amekumbatia kompyuta mpakato iliyofungwa katika kitambaa cha kuswalia. Nilimtajia bei ya kijana, akaguna. Nilimwambia saa zitakazohitajika, akaguna tena. Akaniuliza kama ipo njia fupi zaidi, isiyopita mikononi mwa mtoto wa mtu, nami nikamweleza yale niliyokuwa nimeyasoma, kwamba sahani zilizomo katika diski ngumu za kompyuta mpakato aghalabu ni za kioo, na kioo kikisha kusagika hakuna elimu ya chuo inayoweza kukisomesha. Alifikiri kidogo. Kisha akaitazama saa yake, akaniuliza kama duka la vyuma la pale njia panda hufungwa kabla ya Isha au baada yake.